Soketi ya Mashine ya Vifaranga Inajikata Kila Mara? Usikimbilie Kuinyamazisha



Leo nawaletea jambo ambalo sikufundishwa chuoni nilipokuwa nasomea mifugo, ila kazini nakutana nalo mara kwa mara: soketi inayojikata. Umewasha mashine ya kutotolesha, au taa za bruda, au pampu ya maji, mara "ta!", giza. Unapandisha swichi, inakaa nusu saa, inashuka tena. Kwa mtu anayeangalia mpira kwenye runinga huo ni usumbufu tu. Kwa wewe mwenye mayai 264 ndani ya mashine, huo ni mtaji unapoa.

Nianze na kisa kimoja, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Soketi iliyopona ghafla

Mfugaji mwenyewe ni binti wa miaka ishirini na kitu, anatotolesha chotara na kuuza vifaranga wa siku moja. Mashine yake ipo chumba cha nyuma kwenye nyumba ya wazazi wake. Ilikuwa imechomekwa kwenye soketi moja na taa mbili za bruda, kwa kutumia ekstensheni. Siku 17 za kwanza hakukuwa na shida yoyote. Siku ya 18 akaacha kugeuza mayai, akayahamishia kwenye trei za kutotolea, akaongeza maji ili unyevu upande, kama nilivyomwelekeza mimi mwenyewe. Usiku uleule umeme ukajikata. Akarudisha. Saa nane usiku ukajikata tena, na safari hii hakujua mpaka alfajiri.

Akanipigia. "Shikamoo bwana mifugo. Mashine inanikatia umeme nyumba nzima, mayai yanapoa!" Nikamwambia asifungue mlango wa mashine, aifunike blanketi na kuacha matundu ya hewa wazi, nitafika mchana kwa kuwa nilikuwa kijiji kingine kwenye chanjo. Nikiwa njiani akapiga tena, sasa anacheka. "Usihangaike bwana mifugo, fundi wa hapa jirani ameshamaliza. Haijikati tena."

Nikamwuliza, amebadilisha nini? "Hajabadilisha kitu. Kafungua plagi tu, kakata waya mmoja uliokuwa unasumbua."

Niliongeza mwendo wa pikipiki.

Nilimkuta pekupeku, sakafu ya saruji ina majimaji, na mdogo wake wa miaka kama sita amesimama kando anachungulia mayai kupitia kioo. Nikawatoa wote wawili chumbani. Nikazima meni swichi, nikachomoa plagi, nikaifungua. Waya wa kijani na njano, yaani waya wa ethi, ulikuwa umekatwa na kukunjwa pembeni.

Jioni ile tulimpata fundi mwenye leseni. Alipopima kwa mita alikuta umeme unafika kwenye bati la mashine. Chanzo chake kilikuwa kidogo mno. Beseni la maji lilijazwa mpaka juu, maji yakawa yanachuruzika kwa nyuma hadi kwenye maungio ya nyaya za hita, maungio yaliyofungwa kwa utepe tu. Kutoka hapo umeme ulikuwa unapita kwenye maji, unaingia kwenye bati, unashuka ardhini kwa waya wa ethi. Meni swichi iliuona umeme unaopotea, ikawa inakata. Ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa.

Yule kijana alipokata waya wa ethi, umeme ukakosa njia ya kushukia. Ukabaki kwenye bati. Ndiyo maana swichi haikujikata tena: hakuna kilichokuwa kinapotea, mpaka hapo mtu mwenye miguu mibichi angegusa mashine na kuwa yeye ndiye njia. Meni swichi kama ni nzima ingekata, lakini ingekata baada ya umeme kuanza kupita mwilini mwake. Na kama swichi ni mbovu, isingekata kabisa.

Na mimi nina sehemu yangu ya lawama. Nilimwambia aongeze maji. Sikumwambia aishie wapi, wala sikuwahi kuangalia nyuma ya ile mashine.

Kazi ya fundi ilichukua kama saa mbili. Mayai tuliyaacha yamefunikwa. Vifaranga walianza kutoka wakiwa wamechelewa karibu siku moja, na mayai mengine hayakufika. Hasara aliipata, lakini siku ile ningeweza kukuta kitu kibaya kuliko mayai yaliyopoa.

Ndiyo maana nasema: soketi inayojikata inakuletea taarifa. Kabla ya kuinyamazisha, tafuta inasema nini. Na maswali ya kuanza nayo ni mawili tu: imekata ipi, na imekata lini?

Swali la kwanza: imekata ipi?

Kabla ya yote, angalia luku. Msicheke. Kuna watu wamewahi kuniamsha usiku kumbe yuniti zimeisha.

Kama luku ina yuniti, nenda kwenye boksi la swichi ukiwa na tochi, mikono mikavu na viatu miguuni. Nyumba nyingi zilizofungwa umeme miaka ya karibuni zina swichi za aina mbili ndani ya boksi hilo.

*Breka ndogo.* Zimepangwa mstari, zimeandikwa namba kama 10, 16, 20 au 32. Namba hiyo ni ampia. Kila moja inalinda nyaya za njia yake: hii ya taa, hii ya soketi, hii ya jiko. Inakata umeme ukipita mwingi kuliko nyaya zinavyoweza kubeba, au ikitokea shoti.

*Meni swichi yenye kitufe cha T.* Hii haijali umepakia vitu vingapi. Inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua njiani inajua kuna sehemu unavuja, inakata. Zile za kulinda watu majumbani hukata uvujaji ukifika miliampia 30, yaani ampia 0.03. Kwa umeme wetu wa volti 230 hizo ni kama wati 7, chini ya balbu nyingi za sebuleni. Ni kidogo sana, lakini kinatosha kumdhuru mtu, ndiyo sababu ikatengenezwa kuwa nyepesi hivyo.

Binti yetu alidhani taa za bruda zimezidisha mzigo. Hebu tupige hesabu. Mashine wati 300, taa mbili za wati 250 kila moja, jumla wati 800. Gawanya kwa 230 unapata ampia 3.5. Huo si mzigo kwa soketi. Na kilichokuwa kinashuka ni meni swichi yenye T, nyumba nzima inazimika. Angeangalia boksi tu, angejua tatizo lake ni uvujaji. Breka kubwa kuliko ile ya mwanzo isingemsaidia kitu.

Swali la pili: imekata lini?

Muda ndio unaotoa jibu. Nimewapangia hali ninazokutana nazo zaidi.

*Breka ndogo inakata papo hapo ukichomeka au kuwasha kitu.* Hiyo mara nyingi ni shoti kwenye kifaa, plagi au waya. Kukiwa na harufu ya kuungua au alama nyeusi kwenye soketi, usirudishe hata mara moja.

*Breka ndogo inakata baada ya dakika kadhaa, ukiongeza kitu.* Mzigo umezidi. Jumlisha wati zote, gawanya kwa 230. Plagi zetu za miguu mitatu mwisho wake ni ampia 13, sawa na wati 2,990. Taa nne za bruda za wati 250, mashine ya wati 300 na birika la wati 2,000 kwenye ekstensheni moja ni wati 3,300, zaidi ya ampia 14. Tena hapa pana mtego: kama njia hiyo ina breka ya 20 au 32, breka haitakata. Kitakachoyeyuka ni ekstensheni. Kwa vitu vinavyowaka usiku kucha mimi huwashauri wasizidi wati 2,000 kwenye soketi moja.

*Inakata pampu ikianza tu.* Mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida yake, kisha inatulia. Kama ilikuwa inaanza vizuri na sasa inanguruma bila kuzunguka, kisha breka inashuka, shuku kapasita iliyokufa au mchanga uliokwamisha mota. Wale mlio mwisho wa laini, umeme mdogo wa saa za jioni nao unatesa mota. Jaribu kupampu asubuhi uone tofauti.

*Meni swichi inakata baada ya mvua, baada ya kuosha banda, au baada ya kuongeza maji kwenye mashine.* Maji yamefika mahali pa umeme. Fuata maji yalikopita, utafika kwenye tatizo.

*Meni swichi inakata mara ya kwanza unapowasha hita iliyokaa stoo miezi kadhaa.* Hita za mashine na za kuchemshia maji hufyonza unyevu ndani zikikaa bila kutumika. Kwa hiyo mashine iliyolala ijaribiwe siku kadhaa kabla ya kuweka mayai, ili hitilafu ijitokeze ikiwa tupu.

*Haijikati, ila soketi ina joto, inaunguruma au taa zinacheza.* Msidharau hii. Skrubu zimelegea au miguu ya plagi haishiki. Umeme unaopita sio mwingi, kwa hiyo breka haioni kitu, huku soketi inaungua taratibu. Bandani ni mbaya zaidi, maana amonia ya kinyesi cha kuku inakula shaba na vumbi linajaa ndani ya soketi.

Hatua unazoweza kufanya mwenyewe

Hizi zote ni bila kufungua kifuniko chochote.

1. Chomoa kila kitu kwenye njia hiyo. Nimesema chomoa, sio kuzima kwenye soketi. Swichi ya soketi kwa kawaida inakata waya mmoja tu, hivyo kifaa kinaweza kuendelea kuvujisha hata kikiwa kimezimwa.

2. Rudisha breka. Nyingine lazima uzisukume chini kabisa kwanza ndipo zikubali kupanda. Ikikata tena wakati hakuna kilichochomekwa, tatizo liko kwenye nyaya za ukutani, kwenye soketi au kwenye breka yenyewe. Hapo kazi yako imeisha, mwite fundi.

3. Ikitulia, rudisha kifaa kimoja kimoja. Subiri angalau dakika 15 kabla ya kuongeza kingine, maana kuna hitilafu zinazojitokeza kifaa kikishapata moto.

4. Ukipata kifaa kinachokata, kijaribu kwenye soketi ya njia nyingine. Kikikata na huko, kifaa ndicho kibovu. Kikikubali, rudi ukaitazame soketi ya kwanza. Kumbuka kwamba kama ni meni swichi inayokata, soketi zote za nyumba zinaweza kuwa chini yake, kwa hiyo kifaa kinachovuja kitakata popote.

5. Andika. Daftari lako la kutotolesha lina safu ya joto na unyevu. Ongeza safu ya umeme: umekata saa ngapi, nini kilikuwa kinawaka, kulikuwa na mvua au maji. Fundi akikuta maandishi ya siku tatu atafika kwenye hitilafu haraka kuliko akikuta "inajikata tu".

6. Mara moja kwa mwezi bonyeza kitufe cha T. Umeme ukate, kisha uurudishe. Usipokata, meni swichi imekufa na hakuna kinachokulinda. Fanya mchana, na umkumbushe mwenye kompyuta ahifadhi kazi yake.

Ukigusa kifaa ukahisi kinatekenya vidole, usiendelee na majaribio. Usikiguse tena, zima meni swichi, na kisiwashwe mpaka fundi apime.

Mambo ambayo watu hufanya na yanawaponza

*Kukata waya wa ethi, au kutumia adapta ya miguu miwili ili ethi isifike.* Kisa cha juu kinatosha.

*Kuweka breka kubwa zaidi.* Breka inapimwa kulingana na unene wa waya uliopo ukutani. Ukiweka ya 32 kwenye waya uliofungiwa ya 20, waya unaweza kupata moto ndani ya ukuta huku breka imetulia tuli.

*Kuweka kipande cha waya au karatasi ya sigara badala ya fyuzi ya plagi.* Fyuzi ni bei ya chini sana ukilinganisha na banda.

*Kurudisha, inakata, unarudisha, inakata.* Rudisha mara moja baada ya kuchomoa vitu. Ikikata tena, tafuta sababu.

*Kuita kishoka kwa sababu yuko karibu.* Tanzania Bara leseni za mafundi umeme zinatolewa na EWURA. Mwombe fundi aoneshe yake. Hata wewe unamwuliza mtu wa chanjo chupa imetoka wapi, sivyo?

Umeme ukiwa umekatika na mayai yako ndani

Usifungue mlango kila dakika kuangalia. Funika mashine kwa blanketi, acha matundu ya hewa, maana kifaranga aliyekaribia kutoka anahitaji hewa nyingi na yeye mwenyewe anatoa joto kiasi. Ikiwa kukatika kunaendelea, weka chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri sehemu ya chini ya mashine, mara moja kwa haraka, ufunge. Kwa vifaranga wa bruda, wapunguzie eneo na uwazungushie maboksi wasitawanyike, kwani wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35. Jiko la mkaa lisiingizwe kwenye chumba kilichofungwa, moshi wake usioonekana unaua vifaranga na mwenye vifaranga.

Ukianza kupanuka, panga umeme kama unavyopanga banda

Ukiwa na mashine moja na taa mbili, soketi ya nyumbani inatosha. Ukifika mashine mbili, bruda la vifaranga 500 na pampu, achana na ekstensheni. Mwambie fundi akutengee njia: mashine njia yake, bruda njia yake, pampu njia yake, jiko la mama njia yake. Kama uwezo unaruhusu, aweke breka zinazolinda mzigo na uvujaji kwa pamoja kwenye kila njia. Hapo pampu ikivuja saa tisa usiku itajikata yenyewe na mashine itaendelea kuwaka.

Mengine ni madogo tu. Soketi za bandani ziwe juu, mbali na vinyweshea na pua ya bomba la kuoshea. Taa ya bruda ining'inie kwa mnyororo, si kwa waya wake. Beseni la maji la mashine lisijazwe mpaka ukingoni, na nyuma yake pakauke daima. Nunua kengele ya betri inayolia umeme ukikatika, uiweke karibu na kitanda.

Binti yetu ameshaweka mayai mengine. Maji anapima kwa kikombe, anaishia nusu ya beseni. Mashine ina soketi yake na ethi yake, na mlangoni kuna ndala ambazo kila anayeingia lazima avae, mdogo wake akiwemo. Nilipopita juzi nilitaka kuingia na soksi baada ya kuvua buti zenye tope. Akanizuia mlangoni. "Bwana mifugo, ndala hizo hapo."

Nikavaa.

Leo ukifika nyumbani, nenda nyuma ya mashine yako na tochi uangalie maji yanapita wapi. Ukiona jambo hulielewi, niandikie hapa chini, uniambie imekata ipi na imekata lini. Kazi njema.